Suruali ya jinzi inayokinza maji: jua unacholipia kabla ya kutuma pesa

Umetoka nyumbani jua likiwaka. Saa kumi na moja jioni, ukiwa kwenye foleni ya matatu, mvua inashuka bila kubisha hodi. Dakika tano baadaye jinzi imekuwa nzito, inakung'ang'ania magotini, na simu iliyo mfukoni inakupa wasiwasi. Si kwa ajili ya picha tu. Ndani ya hiyo simu kuna kodi ya nyumba, karo ya mtoto na nauli ya kesho.

Ndiyo maana tangazo la "jinzi isiyoingia maji" linavutia macho, hasa msimu wa mvua. Anayeendesha bodaboda anaitaka. Kijana anayeenda kupanda miamba Hell's Gate au Lukenya wikendi, na Jumatatu anataka kuvaa suruali ile ile kazini, naye anaitaka. Wazo lenyewe ni zuri, na fundi hodari wa mtaani anaweza kuitengeneza. Shida ni kwamba unatuma pesa leo, halafu unagundua ukweli siku utakaponyeshewa.

Leo tunaeleza jinsi suruali ya aina hii inavyobuniwa, inaweza kufanya nini na haiwezi kufanya nini. Halafu tutaonyesha jinsi ya kugawanya malipo ili mteja na fundi wote wawe salama.

Kukinza maji si sawa na kutopitisha maji

Hapa ndipo watu wengi huchezewa shere, wakati mwingine bila muuzaji kukusudia.

Nguo *inayokinza maji* huyafanya matone yateleze juu yake kwa muda. Manyunyu, au mbio fupi kutoka stejini hadi ofisini, itayamudu. Mvua ikizidi, au ukikaa juu ya mwamba uliolowa, maji yatapenya.

Nguo *isiyopitisha maji* ina utando maalum usio na nafasi ya maji kupita, na mishono yake imezibwa kwa ndani. Koti la mvua la plastiki ni mfano rahisi.

Jinzi iliyotiwa dawa iko katika kundi la kwanza. Wapo wanaobandika utando nyuma ya denimu, lakini hata hapo kitambaa cha nje bado hunywa maji, kikawa kizito na baridi, hata kama ngozi yako ni kavu. Kwa hivyo mtu akikuambia jinzi yake ya kawaida "haiingii maji kabisa", muulize: mishono imezibwa? Kuna utando ndani? Kama jibu ni hapana, basi hiyo ni suruali ya kukinza manyunyu, na inapaswa kulipiwa kama hivyo.

Kwa nini jinzi hunywa maji

Denimu, kitambaa ambacho wengine bado wanakiita dengrizi, kwa kawaida ni pamba. Nyuzi za mtande, zile za urefu, hutiwa rangi ya buluu. Nyuzi za mshindio, zile za kukatiza, huachwa nyeupe. Katika jinzi nyingi uzi wa mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio kisha chini ya mmoja. Hapo ndipo inatoka ile mistari ya mshazari, na ndiyo maana nje ni buluu na ndani ni weupe-weupe.

Pamba inapenda maji. Hata ikiwa kavu kwa macho, katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta hubeba chini ya asilimia 1. Maji yakigusa jinzi hupanda kati ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ndiyo maana ukikanyaga dimbwi, baada ya muda unyevu uko karibu na goti.

Na kulowa si usumbufu tu. Maji hupitisha joto takriban mara 24 kuliko hewa. Suruali iliyolowa inaunyang'anya mwili joto lake. Mjini utatetemeka kidogo, ufike nyumbani unywe chai. Juu mlimani mambo ni tofauti, na tutarudi hapo.

Njia za kuifanya ikinze maji

*Nta.* Hii ni mbinu ya zamani: nta ya nyuki na parafini, ile nta ya mishumaa, huyeyushwa pamoja na kupakwa kitambaani. Ni rahisi, na fundi anaweza kuifanya mwenyewe. Lakini kitambaa hukakamaa, hewa hupita kwa shida, na nta huacha alama kwenye kiti. Maji moto na sabuni huiondoa. Nta yafaa zaidi kwa sehemu chache: mapaja kwa mbele, magoti na makalio.

*Dawa ya kiwandani.* Kitambaa huchovywa kwenye dawa, kikakamuliwa, kikapitishwa kwenye joto kali ili dawa ishike nyuzi. Matundu ya kitambaa hayazibwi, kwa hivyo mguu bado unapumua. Hudumu kuliko dawa ya kupuliza nyumbani kwa sababu ya lile joto.

*Dawa ya kupuliza.* Unainunua kwenye kopo au chupa, unapuliza suruali ikiwa safi. Ni nafuu kwa kuanzia, lakini utarudia mara kwa mara.

Uliza pia dawa ni ya aina gani. Kwa miaka mingi dawa zenye nguvu zaidi zilitokana na kundi la kemikali liitwalo PFAS, zenye florini. Zinafukuza maji na mafuta pia. Tatizo ni kwamba hazivunjiki kwa urahisi na hubaki kwenye udongo na maji. Mbili kati yake, PFOS na PFOA, ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2009 na 2019. Jimbo la California nchini Marekani lilianza kuzuia uuzaji wa nguo mpya zenye PFAS zilizoongezwa makusudi Januari 1, 2025, ingawa nguo chache za mvua kali zilipewa muda zaidi. Ufaransa nayo ikaanza Januari 1, 2026.

Hilo linatuhusu vipi? Viwanda vya Athi River vinashona nguo za kuuzwa Marekani, na fundi mwenye ndoto ya kuuza nje ya nchi lazima ajue dawa aliyotumia. Dawa zisizo na florini zipo. Zinakinza maji vizuri lakini hazikinzi mafuta. Mwendesha bodaboda, kumbuka hilo: tone la oili likiingia kwenye kitambaa, mahali hapo patanza kunywa maji.

Kuishona kwa ajili ya mwamba na kwa ajili ya ofisi

Dawa ni nusu ya kazi. Suruali inaweza kukinza maji na bado ikapasuka mara ya kwanza unapoinua mguu hadi kifuani. Mchoro wa suruali ya kupandia una mambo yake:

- Uzito wa kitambaa. Denimu hupimwa kwa aunzi kwa yadi ya mraba. Jinzi nyingi ziko kati ya aunzi 10 na 14. Kwa kupanda, aunzi 9 hadi 11 zinatosha: haichoshi mguu, na ikilowa hukauka mapema.
- Kunyumbulika. Tafuta denimu yenye elastini ya asilimia 1 hadi 3. Uzi huu unaovutika ulibuniwa mwaka 1958 na mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Ukizidishwa, suruali hulegea magotini.
- Kiraka cha almasi. Kwenye jinzi ya kawaida mishono minne hukutana pale kati ya miguu, na ndipo hupasuka. Fundi hukata kipande chenye umbo la almasi na kukiweka hapo. Mguu unapata nafasi, na mzigo unagawanyika.
- Goti lenye umbo. Mikunjo midogo ikishonwa pande zote mbili za goti, suruali inakuwa imejipinda tayari. Ukipinda mguu, haikuvuti kiunoni. Ukisimama ofisini, karibu hakuna atakayegundua.
- Kiuno chembamba. Mpandaji huvaa hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayoshika kamba. Mshipi mnene chini ya hanesi utakuumiza. Afadhali lastiki au kamba ya ndani.

Halafu kuna ribiti, vile vidude vya shaba kwenye pembe za mifuko. Vina historia nzuri. Jacob Davis alikuwa fundi cherehani huko Reno, Nevada, na alikuwa akinunua kitambaa kwa mfanyabiashara Levi Strauss wa San Francisco. Akaanza kuweka ribiti kwenye suruali za wafanyakazi ili mifuko isichanike. Zilipendwa, lakini pesa za ada ya kusajili ubunifu wake hakuwa nazo. Mwaka 1872 akamwandikia Strauss barua, washirikiane. Hati ilitolewa kwa majina yao Mei 20, 1873. Fundi alikuwa na akili, muuza kitambaa alikuwa na mtaji, na makubaliano yalikuwa kwa maandishi. Tutarudi kwa hilo la maandishi.

Kwa mpandaji, hata hivyo, ribiti chini ya hanesi husugua ngozi na kukwaruza mikanda. Mshono mzito wa zigizaga, uliorudiwa mara nyingi mahali pamoja, unafanya kazi ile ile bila chuma.

Na kabla ya kukata chochote: osha kitambaa. Denimu mbichi hurudi ikioshwa, na nyingine huwa na wanga wa kiwandani unaozuia dawa kushika. Utaratibu ni huu: osha, kausha, kata, shona, osha tena bila dawa ya kulainisha nguo, ndipo utie dawa ya kukinza maji.

Mfuko wa simu

Hapa tunaomba usikilize kwa makini, maana mfuko huu ndio benki yako.

Dawa ya kukinza maji haitaokoa simu. Sindano ya cherehani huacha matundu kwenye kila mshono, na maji hupitia hapo. Kwa hivyo mfuko wa simu ubuniwe kivyake. Uwekwe pembeni ya paja, juu ya goti na chini ya mkanda wa hanesi. Uwe na zipu, na juu ya zipu kipande cha kitambaa kinachoifunika kama paa. Ndani ushonwe bitana ya nailoni iliyotiwa mpako, na kitambaa cha mwavuli kinafaa kabisa. Ukienda mahali pa mvua kubwa, bado itie simu kwenye mfuko wa plastiki wa kufungika.

Washa pia kifungo cha skrini na namba ya siri ya laini. Simu ikidondoka kutoka juu ya mwamba, piga huduma kwa wateja kwa simu ya mwenzako ili laini na akaunti zifungwe. PIN usiiandike popote kwenye kasha la simu.

Jaribio la chupa ya maji

Viwandani kuna kipimo kinachojulikana: maji ya mililita 250 humwagwa kwa kichujio kutoka sentimita 15 juu ya kitambaa kilicholazwa kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha kitambaa hupewa alama kulingana na kilivyolowa. Unaweza kuiga hilo ukiwa kwa fundi.

Chukua chupa ndogo ya maji, toboa kifuniko matundu machache. Fundi anyooshe suruali juu ya kibao kilichoinamishwa. Mwagia taratibu kwa nusu dakika, halafu ikung'ute.

- Matone yakibaki duara na kuteleza, dawa imeshika.
- Kukiwa na madoa meusi hapa na pale, dawa haikusambaa sawa. Irudiwe.
- Kitambaa kikigeuka cheusi chote na upande wa ndani kulowa, hapo hakuna dawa ya maana.

Jaribu mahali tatu: paja, goti, na juu ya mshono. Halafu sugua goti kwa kitambaa kigumu mara hamsini, umwagie tena. Mwamba utalisugua zaidi ya hapo, na dawa huisha kwanza pale panaposuguliwa.

Lipa kwa hatua tatu

Sasa tufike kwenye pesa. Namba hizi ni za mfano tu, ili uone mpangilio. Tuseme mmekubaliana suruali moja hivi:

- Denimu mita 1.5 kwa Sh700: Sh1,050
- Bitana, zipu, uzi na kifungo: Sh350
- Dawa ya kukinza maji: Sh300
- Kazi ya fundi: Sh1,500
- Jumla: Sh3,200

Ukituma Sh3,200 zote siku ya kwanza, umebaki kuomba Mungu. Usipotuma chochote, fundi anabeba hasara ukitoweka baada ya yeye kukata kitambaa kwa kipimo chako. Njia ya haki ni hii:

1. Kianzio, Sh1,400. Kinalipia kitambaa na vifaa pekee. Fundi hatoi pesa mfukoni mwake.
2. Baada ya kuijaribu mwilini, Sh900. Chuchumaa. Inua goti hadi kifuani. Keti kama uko kwenye bodaboda. Ikikubana, irekebishwe kabla ya dawa kutiwa.
3. Baada ya jaribio la chupa, Sh900. Ikifaulu, unamaliza deni hapo hapo.

Na kabla ya shilingi ya kwanza, andikianeni meseji. Si lazima iwe ya kisheria. Inaweza kuwa hivi:

*"Habari fundi. Tumekubaliana jinzi moja ya kupandia, aunzi 10, kiraka cha almasi, mfuko wa simu wenye bitana. Inakinza manyunyu, si mvua kubwa. Sh3,200: 1,400 leo, 900 nikiijaribu, 900 ikipita jaribio la maji. Tayari Ijumaa ya wiki ijayo. Ni sawa?"*

*"Salama kastama wangu. Ni sawa kabisa, lakini kitambaa nikishakata kianzio hakirudi."*

*"Hapo nimekubali fundi. Natuma sasa."*

Kwa nini tunasisitiza hii meseji? Kwa sababu rekodi yetu inaonyesha kiasi, jina, tarehe na saa. Haionyeshi uliahidiwa nini. Mkikosana, sisi tunaweza kuthibitisha kwamba Sh1,400 zilifika kwa fundi. Hatuwezi kuthibitisha kwamba alikuambia haiingii maji. Meseji ya uthibitisho na meseji ya makubaliano zikikaa pamoja, ndipo una ushahidi kamili. Usizifute.

Kwa mteja: lipa kwa namba ya till ya biashara inapowezekana, na usome jina linalotokea kabla ya kukubali muamala. Ukiambiwa ghafla "till imekataa, tuma kwa hii namba ya ndugu yangu", simama kwanza. Mpigie fundi kwa namba uliyoizoea. Ukikosea namba, omba kurudishiwa mara moja, usingoje kesho.

Kwa fundi: usiangalie meseji iliyo kwenye simu ya mteja, angalia salio lako mwenyewe. Meseji inaweza kuwa ya kubuni. Na kianzio cha wateja kiweke kando, usikitumie kumalizia kazi ya mteja wa jana. Hivyo ndivyo fundi mwaminifu hujikuta akiitwa tapeli.

Mahali ambapo jinzi haifai, hata iwe nzuri vipi

Kwa mwamba wa Hell's Gate siku kavu, kwa Lukenya, kwa kazi na kwa matatu, suruali hii itakufaa. Usiende nayo Mlima Kenya. Point Lenana ina mita 4,985, na usiku huko juu baridi hushuka chini ya sifuri. Mvua au theluji ikiilowesha pamba, haikauki, na mwili unaweza kupoteza joto hadi kuhatarisha maisha. Huko vaa suruali nyepesi ya nailoni au poliesta, na juu yake suruali ya mvua isiyopitisha maji. Muuzaji anayekuambia jinzi yake inatosha Lenana anahatarisha maisha yako, si Sh3,200 zako tu.

Kuitunza

Igeuze ndani nje, ioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, isuuze mara mbili. Mabaki ya sabuni huvuta maji. Dawa ya kulainisha nguo usiiguse. Kama ni ya dawa ya kiwandani na lebo inaruhusu, pasi ya moto mdogo huirudishia nguvu. Kama ni ya nta, pasi iache kabisa. Matone yakiacha kuteleza, ni wakati wa kutia dawa upya. Muulize fundi mapema atatoza ngapi kwa hiyo kazi, na mwandikiane hilo pia.

Kumbuka: hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako. Akipiga mtu na kudai ni sisi, kata simu, kisha utupigie kwa namba rasmi ya huduma kwa wateja.